Wimbo wa Kumsubiri wa Nyuma

Kwetu Kigwa hakuna asiyejua mtunzi ni nani. Mtunzi ni yule ambaye ukiwa nyuma ya nyumba unapepeta mtama unajikuta unaimba wimbo wake, wala hukukusudia. Ni yule ambaye mwalimu wa kwaya akisema, "Leo tuanze na wa fulani," watu wote wanajua ni upi, na wazee wa besi wanaanza kukohoa kusafisha koo. Basi. Mengine ni maneno ya watu wenye nafasi.

Sasa niambie, Dismasi Ferdinandi alikuwa mtunzi wa namna gani? Zaidi ya miaka ishirini yuko Ujerumani, kwenye mji unaoitwa Wuppertal, ambako treni haitambai chini kama za Mungu zote, inaning'inia hewani juu ya mto, magurudumu yako darini. Usinibishie, picha zipo. Huko kazi yake ni kutunga muziki, na kweli anakula kwa kazi hiyo. Muziki wake unapigwa na watu waliovaa nguo nyeusi tupu, kwenye kumbi ambazo ukikohoa unatazamwa kama mwizi wa kuku. Lakini Kigwa nzima, kuanzia stesheni mpaka mashambani, hapakuwa na mtu aliyewahi kuimba hata mstari mmoja wa Dismasi. Hata mama yake mzazi hakuwahi.

Na hilo la mama ndilo lililomkera. Watu wengine wakimtania alicheka nao. Lakini kila alipopiga simu nyumbani, mama akishamaliza kuuliza hali ya mkwewe Katarina na baridi ya huko, alikuwa na swali lake lilelile: "Baba, sasa wimbo wako ni upi?" Dismasi angeeleza, oo, mama, nimetunga kitu cha fidla nne, kimepigwa juzi. Mama angesikiliza kwa adabu. Halafu angesema, "Sawa baba. Na wimbo je?"

Huyo mama si mtu wa kuulizauliza tu juu ya nyimbo. Anaitwa Levina, ila wenzake wa rika wanamwita Kabula, kwa kuwa alizaliwa mvua inanyesha. Enzi zake alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha kulima. Watu walikuwa wanakusanyika, leo shamba la huyu, kesho la yule, wanapiga matuta kwa jembe la mkono huku wakiimba, na Kabula yuko mbele anawatolea mwito. Walimwita mpaka Goweko, kwenye mashamba ya tumbaku. Mtu alikuwa anasema, "Kama Kabula haji, mimi shamba langu nalima keshokutwa." Mwanamke wa sauti ile, mwanawe anakwenda Ulaya kusomea muziki, halafu anarudi hana wimbo! Jamani, hata wewe ungeuliza.

Dismasi mwenyewe alianzia muziki seminarini, kwenye kinanda cha kukanyaga kwa miguu ambacho panya walishakitafuna. Vitufe vingine ukivibonyeza vilikuwa kimya kabisa. Padre mzee aliyemfundisha alimwambia, kisichotoa sauti hesabu kichwani, kisha endelea. Akaendelea hivyo mpaka Dar es Salaam, na kutoka Dar akapata nafasi ya masomo Ujerumani, akaoa huko, akabaki. Asubuhi anakaa na penseli na kifutio, na kifutio ndicho kinachoisha haraka. Mchana anafundisha watoto wa watu piano. Maisha ya kawaida tu, na anayapenda.

Kitu kimoja kilichomtambulisha huko ni ukimya. Katika kila alichotunga, katikati palikuwa na mahali ambapo kila kitu kinanyamaza. Si kidogo, kinanyamaza haswa, mpaka watu ukumbini wanaanza kutazamana. Halafu muziki unarudi. Wajerumani waliupenda ukimya ule kupita kiasi. Gazeti moja likaandika kwamba ndani yake unasikika ukimya mkuu wa nyika za Afrika. Dismasi alicheka mpaka Katarina akatoka jikoni kuja kuangalia kuna nini. Kigwa na ukimya wapi na wapi? Kuna kanga, kuna mbuzi, kuna mashine ya kusaga, kuna treni ya mizigo, na kuna mdomo wa jirani, Bi Amne. Watu walipomuuliza ukimya ule aliutoa wapi, aliwasimulia habari za kinanda cha panya, nao wakaridhika. Hata yeye aliamini hivyo.

Mwaka huo alikuja Julai, mavuno yameshaingia ndani. Angeweza kuruka kwa ndege mpaka Tabora, lakini treni ya reli ya kati ndiyo raha yake. Ilipoacha Goweko tu, akaanza kusogeza mabegi mlangoni kama mwanafunzi anayerudi likizo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Sogea huku, sema na sikio hili. La kushoto limeshafunga duka."

Alisema huku anacheka, lakini Dismasi aliingiwa na ubaridi. Kwenye simu hakuwahi kumwambia. Mama akamweleza, tena bila huzuni, kwamba sikio la kushoto lilianza kwa kuvuma, likaisha. Na hili la kulia nalo limeanza kuvuma. Daktari wa Tabora amelitazama, amesema ni uzee. "Kwa hiyo ule wimbo, baba," akamaliza, "kama upo, niletee hili likiwa bado wazi."

Bi Amne alikuwepo hapohapo, amekaa kwenye mkeka anakula matobolwa ya wenyewe, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. Huyu ni Mzaramo, aliletwa Kigwa na marehemu mumewe aliyekuwa mtu wa reli, naye akagoma kurudi pwani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya zamani, kwa hiyo Bi Amne ana ruhusa ya kusema chochote kwenye nyumba ile, na ruhusa hiyo anaitumia yote.

"Wimbo atautoa wapi huyu?" akasema. "Babu zake walibeba pembe za watu mpaka kwetu Bagamoyo, miezi na miezi njiani, na bado walikuwa wanaimba. Yeye amepanda ndege, amekaa kwenye kiti, wimbo umemshinda!"

"Bi Amne, shikamoo. Nimekuwa nikiwatumia nyimbo kwenye simu."

"Marahaba. Zile? Si zinakata!"

"Zinakata vipi?"

"Bando linaisha," mama akasema kwa upole, kama anayemwondolea mgeni lawama. "Tunasikiliza vizuri, zile fidla zinalia, zinalia, halafu kimyaa. Bi Amne anasema bando limekata. Tunafunga simu."

Dismasi akamtazama mama, akamtazama Bi Amne. "Kila mara?"

"Kila mara, baba. Na huyu nilishamwambia anaweka bando dogo."

Loo! Kumbe miaka yote ile mama yake hakuwahi kusikia nusu ya pili ya kitu chochote alichotunga. Alikuwa anafika kwenye ukimya, anafunga simu, anakwenda kuangalia mboga. Dismasi hakujua acheke au alie, akachukua tobolwa moja akaanza kutafuna. Palepale akaazimia hatarudi Wuppertal kabla mama hajasikia wimbo wake mpaka mwisho, kwa sikio lake hilohilo, na kutoka midomoni mwa watu wa Kigwa.

Misa ya shukrani ya mavuno ilikuwa imekaribia. Akaenda kwa mwalimu Tobias, anayefundisha kwaya ya kigango, akamwomba nafasi wakati wa matoleo, pale waumini wanapopeleka vikapu vyao altareni. Tobias alifurahi mpaka akasahau kumkaribisha kiti. Dismasi akaandika kwa solfa, do-re-mi za kwaya zetu, sauti nne, maneno mepesi: tumelima, tumepalilia, tumevuna, tumefika. Halafu ukimya. Halafu sehemu ya pili, inayoanzishwa na sauti moja ya mwanamke. Sehemu ya kwanza waliishika siku ileile ya kwanza. Kwaya ya Kigwa haina mchezo.

Shida ikawa pale kati.

Wakafika kwenye ukimya, Dismasi akiwa ameinua mikono juu. Jeska, mwimbaji wao wa sauti ya kwanza, akamtazama. Akaona mgeni wa watu amekodoa macho, mikono hewani, haendi mbele wala nyuma. Masikini, kaka wa watu amesahau! Jeska akafanya kile ambacho kila mwanamke aliyelelewa vizuri angefanya, akapiga kigelegele kirefu kumfichia aibu. Wenzake wakadakia. Mzee mmoja wa besi akapiga kelele, "Aleluya!" na ngoma ikajibu.

Dismasi akaeleza kwamba hakusahau. Wakasema sawa, pole, tumeelewa. Wakarudia. Wakafika palepale, wakavumilia kidogo, mtu akaguna, mwingine akapiga makofi mawili matatu ya kumtia moyo Dismasi, na kabla hujakaa sawa vigelegele vimejaa kanisa zima. Kesho yake hali ikawa hiyohiyo. Si ukaidi. Kwetu mtu akinyamaza katikati ya wimbo ana tatizo, na mwenye tatizo husaidiwa.

"Mwalimu," Tobias akamwambia kwa heshima walipotoka nje, "wimbo ni mtamu. Ila hicho kishimo cha katikati tukifukie. Watu watatumbukia."

Dismasi alirudi nyumbani amenuna. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujihurumia. Huko wanampenda kwa ukimya wa nyika ambao haupo, hapa wanamfukia. Akawaza kufuta tu, yaishe. Mama ataimbiwa wimbo, utafika mwisho, watu watafurahi. Lakini aliposhika kifutio mkono ulikataa. Bila pale kati, wimbo ulikuwa mzuri lakini haukuwa wake. Tobias angeweza kuutunga mwenyewe, na pengine angeutunga vizuri zaidi.

Mama alikuwa uani anabangua karanga. "Kulikoni? Umevimba."

Akamsimulia yote, akisema karibu na sikio la kulia. Mama akasikiliza, karanga zinaingia kwenye ungo moja moja. Kisha akauliza, na wala hakuuliza kwa busara yoyote, aliuliza kama unavyouliza chumvi iko wapi:

"Hapo mnaponyamaza, mnamsubiri nani?"

"Hatumsubiri mtu, mama. Ni muziki tu."

"Aa. Ndiyo maana basi," mama akasema. Akaendelea na karanga zake.

Dismasi akasahau hata hasira zake. Maana kichwani alikuwa amesikia jembe. Jembe moja, linagonga udongo mkavu peke yake, mbali kidogo. Alikuwa ameketi pembeni mwa shamba, mtoto mdogo, ameachiwa kibuyu cha maji akilinde. Kikundi kimefika mwisho wa matuta, watu wamenyoosha migongo, wameegemea mipini, na hakuna anayesema neno. Wamemaliza wote isipokuwa mmoja. Yule mmoja ni baba yake, Ferdinandi, aliyevunjika mguu alipoanguka kutoka juu ya bani la kukaushia tumbaku, ukaunga vibaya. Siku zote alikuwa wa mwisho. Na sheria ya kikundi ilikuwa hiyo: mwimbishaji hatoi mwito mpya mpaka wa nyuma afike. Humwimbii mbele, humcheki, humwambii harakisha. Unanyamaza ili ajue anasubiriwa. Jembe linagonga, linagonga, Kabula amesimama anamtazama mume wake. Ferdinandi akipiga la mwisho na kunyooka, ndipo Kabula anapotoa mwito, na watu wote wanaitika kwa mpigo mmoja mpaka ndege wanaruka.

Ferdinandi alifariki Dismasi akiwa seminarini. Na mtoto mwenyewe akaenda zake duniani, akawa anauandika ukimya ule kila mwaka, kwa fidla na kwa zumari na kwa piano, akiwaambia Wazungu habari za panya.

Alilia, ndiyo. Mwanamume mwenye mvi kichwani, uani kwa mama yake, mchana kweupe. Mama akamwacha alie, akamsogezea ungo amsaidie kubangua. Baadaye Dismasi alichukua penseli. Ukimya hakuugusa. Alichofuta ni mwanzo wa sehemu ya pili, akaweka pale mwito wa mama yake, uleule wa shambani, sauti zake zilezile. Wala hakumwambia. Kisha akaenda kwa Tobias, wakazungumza, wakaenda kwa padre, na padre akacheka akakubali.

Siku ya Misa kanisa lilijaa mpaka nje. Hata Bi Amne alikuwepo, benchi la nyuma kabisa, mtandio umekaa vizuri, kwa sababu jirani ni jirani. Matoleo yakaanza. Kwaya ikaimba, tumelima, tumepalilia, na watu wakapita na mahindi, karanga, asali, jogoo mmoja mkorofi. Mama Levina alikuwa amepangwa wa mwisho. Aliambiwa tu, wewe mzee, usiharakishe, beba kikapu chako cha mtama taratibu.

Alipoingia mlangoni kwaya ikaimba "tumefika," ikanyamaza.

Kanisa lote likanyamaza nalo. Mama mmoja karibu na dirisha alianza kuinua mkono mdomoni, mwenzake akamfinya, akamwonyesha kwa kidevu: si unaona bado yuko nyuma? Na wote wakaona. Kikongwe anatembea katikati ya kanisa, kikapu kifuani, kandambili zinaburuza sakafuni, shwaa, shwaa. Hakuna aliyekohoa. Jeska alikuwa na machozi tayari. Mikono ya Dismasi ilikuwa juu, na safari hii hakuna aliyemwonea huruma kwa sababu walikuwa wote wanasubiri. Ilichukua muda mrefu kuliko alivyowahi kuthubutu kuandika. Mama akafika ngazini, padre akapokea kikapu, mama akanyoosha mgongo.

Dismasi akashusha mkono na Jeska akatoa mwito.

Mama Levina akageuka. Aligeuza sikio la kulia kwanza, kisha uso. Alimtazama Jeska, akamtazama mwanawe, akaelewa yote kwa mara moja. Na kabla Jeska hajamaliza mstari, bibi yule akaudaka mwito wake mwenyewe kutoka mdomoni mwa msichana, kwa sauti iliyopasuka kidogo lakini iliyosimama palepale ilipokuwa ikisimama zamani: "Tumetimia wote!"

Na kanisa likaitika. Si kwaya, kanisa. Wazee waliowahi kulima kwenye kikundi kile waliitika kabla hawajajua wanaitika. Vigelegele vilipopigwa safari hii vilikuwa mahali pake, na Dismasi aliacha kuongoza, kwa kuwa hapakuwa na wa kuongozwa tena. Aliimba besi tu kama watu wengine.

Nje, baada ya Misa, mama alimshika sikio kama mtoto. "Mwizi mkubwa wewe! Umeniibia mwito wangu, ukaenda kuuficha Ulaya."

"Nisamehe, mama."

"Nisikusamehe? Wimbo ni mzuri." Akaliachia sikio. "Na baba yako angejiona humo."

"Mimi nilijua tu," Bi Amne akasema akitokea nyuma. "Bando la leo lilikuwa kubwa."

Dismasi alirudi Wuppertal na kilo kadhaa za matobolwa ambazo watu wa forodha walizipekua kwa wasiwasi mkubwa. Kigwa wimbo ukabaki. Hawauiti kwa jina alilouandikia; wanauita "wa kumsubiri." Tobias akisema, "Tuanze na wa Dismasi," wazee wa besi wanakohoa kusafisha koo. Watu wanauimba kwenye arusi, wakimsubiri bibi mzaa bibi afike mezani. Nasikia hata kule Itetemia kwaya moja imeuchukua, na wanaukosea, ila wanaukosea kwa furaha.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, Dismasi yuko mezani na penseli yake, simu ikalia. Jeska amemtumia sauti ya Misa ya mavuno. Akaiweka mezani akasikiliza. Tumelima, tumepalilia, tumevuna, tumefika. Kimya.

Akasubiri. Kimya kikaendelea, kikapita mahali alipokiandika, kikapita hata kile cha mwaka jana. Akaitazama simu. Ah, bando la Jeska limekata, akawaza, na kidole chake kikaenda kufunga.

Ndipo akasikia, mbali kabisa, kandambili zikiburuza sakafuni, na katikati yake kitu kipya, mlio wa fimbo, ko. Shwaa, ko. Shwaa, ko. Polepole kuliko mwaka jana.

Dismasi aliweka penseli chini. Akasimama wima, akaegemeza mikono juu ya kiti kama mtu aliyeegemea mpini, akamsubiri.